Jibu Lililoruka Neno Moja

Koplo aliiweka simu yake mezani, kati ya kikombe cha chai iliyopoa na boksi la glavu, akabonyeza. Sauti ya mzee ikatoka, kavu kama chaki.

"Nilikuja kumjulia hali mgonjwa. Nikasimama koridoni kidogo. Nikamwona mama mmoja mwenye koti jeupe, amebeba furushi la mashuka, akatokea mlango wa nyuma. Sura yake sikuiona. Nikashika njia nikaondoka."

"Hayo ndiyo aliyoniambia mimi getini," Koplo akasema. "Sasa sikiliza aliyokuambia wewe, Afande, humu humu ndani."

Akabonyeza tena. Inspekta aliinamisha kichwa, macho yake kwenye sakafu ya ofisi ya Sista wa zamu, humo hospitalini. Neno kwa neno. Hata pale mzee alipomeza mate getini, baada ya kusema "mashuka," ndipo alipomeza na ofisini. Na kila alipoulizwa mgonjwa gani huyo, hakutaja. Alianza upya: nilikuja kumjulia hali mgonjwa.

"Kama mtoto aliyekaririshwa shairi kwa ajili ya mkaguzi," Inspekta akasema.

"Ajabu yake, yeye ndiye aliyekuwa akitukaririsha." Koplo, mtu mzima mwenye kitambi na ucheshi wa kujifariji, alijipapasa kiganja. "Mwalimu Mkuu yule. Fimbo zake bado ziko hapa. Mji mzima umepita mkononi mwake, Afande. Sijawahi kusikia ameiba hata kipande cha chaki, sembuse mtoto."

Lakini mtoto alikuwa ameibwa. Binti mchanga, wa juzi tu, aliyelazwa kwenye kitanda chake kidogo karibu na mlango wa wodi ya wazazi. Mama yake alikwenda kuoga, akarudi na taulo kichwani, akakuta godoro lina kibonyeo cha mwili na hakuna mwili. Kengele ilipopigwa, mlinzi alifunga geti, na mtu pekee aliyekutwa akitoka kwa hatua za haraka, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, alikuwa Mwalimu.

Chini uani baba wa mtoto, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akizunguka kama simba wa kwenye tundu. Mikono yake mikubwa, yenye alama za cheche, haikujua pa kukaa. Watu walikuwa wakiongezeka. Na Mkuu wa Kituo alikuwa ameshapiga simu, akasema sentensi moja tu: "Nataka kusikia umemkamata mtu."

"Madobi je?" Inspekta akauliza. "Koti jeupe, furushi la mashuka. Huyo ni dobi."

"Nimekwenda mwenyewe. Walio zamu ni wanaume wawili, wako kwenye mashine tangu alfajiri, wamelowa mpaka masikioni. Mwanamke hakuna."

Inspekta aliinuka. "Njoo tupime maneno yake."

Korido ya wodi ile ilikuwa na kona kama kiwiko cha mkono. Inspekta alisimama pale mzee alipodai kusimama, karibu na mitungi ya oksijeni, akamwagiza Koplo abebe furushi atokee mlango wa nyuma. Koplo alikusanya mashuka kifuani, akasema kwamba amekuwa mama mzuri kuliko alivyotarajia, akaikata kona. Inspekta akamsikia akifungua mlango. Akamsikia akiufunga. Hakumwona. Mbele yake palikuwa na ukuta, na ukutani bango la chanjo.

Alirudi nyuma hatua kadhaa. Ukuta. Akasogea mbele. Bango.

"Hakuona kitu," akamwambia Koplo aliporudi. "Kutoka hapa huwezi kuuona mlango ule hata ukiwa na shingo ya twiga. Huyo mama hayupo. Amemtunga."

"Au hakusimama hapa," Koplo akasema, akihangaika kukunja shuka.

Hilo lilikuwa neno zima la kipelelezi, na lilitoka bure. Inspekta hakuliokota, maana wakati huohuo spika ya ukumbi wa chini ilikuwa ikileta juu sauti ya mchungaji wa hospitali, aliyekuwa akiwasomea wagonjwa wa nje Neno la asubuhi. Alikuwa mzee mwenye pumu, kila sentensi yake ikipanda kilima. Inspekta alishuka ngazi nusu, akasimama.

"Nabii amekimbia," mchungaji alikuwa akisema. "Amejificha pangoni. Anaulizwa, 'Unafanya nini hapa?' Anajibu. Upepo unapita, unapasua majabali. Tetemeko. Moto. Halafu sauti ndogo, tulivu. Anaulizwa mara ya pili, maneno yaleyale, hakuna lililoongezwa wala lililopunguzwa. Na yeye anajibu nini? Yaleyale! Ndugu zangu, aliyeandika angeweza kusema 'akajibu kama kwanza,' akapumzisha mkono wake. Hakupumzika. Ameliandika jibu zima, tena zima, kwa sababu anataka tusikie kitu..."

Inspekta hakungoja kusikia ni kitu gani. Alishasikia alichokitaka. Mtu anayeulizwa mara mbili na kujibu neno kwa neno amekariri, na aliyekariri ana la kuficha. Maandiko na upelelezi vimekutana njia moja. Akapanda ngazi akiwa mwepesi, akaingia alimokuwa Mwalimu, akachomoa pingu.

Mzee alizitazama, kisha akanyoosha mikono pamoja, kwa utaratibu, kama anayepimwa nguo kwa fundi.

"Kwa mara ya mwisho, Mwalimu. Ulikuwa unafanya nini hapa?"

"Nilikuja kumjulia hali mgonjwa. Nikasimama koridoni..."

Pingu zikalia.

Alimpitisha wodini kwanza. Akina mama walijivuta kwenye vitanda, wenye watoto wakawakumbatia. Mama aliyeibiwa alikuwa amekaa sakafuni, taulo bado kichwani, hakuna aliyethubutu kumwambia alivue. Inspekta akauliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Kuna anayemjua mtu huyu?"

Vichwa vikatikiswa kimoja baada ya kingine. Kitanda cha mwisho, chini ya dirisha, kilikuwa na msichana mwembamba, mkono wake mmoja juu ya kichwa cha mtoto aliyekuwa akinyonya. Alimtazama mzee. Alizitazama pingu. Akalivuta shuka mpaka likamfunika mtoto, akageukia dirishani.

"Simjui," akasema.

"Na wewe, Mwalimu? Kuna unayemjua humu?"

"Simjui mtu," mzee akasema, naye akitazama dirisha lilelile.

Inspekta aliliona hilo, akaliandika kichwani mwake kama woga. Wapelelezi hodari hukosea hivyo: jicho huona, moyo huandika tofauti.

Kwenye ngazi Koplo alimshika kiwiko. "Afande, tumpitishe nyuma. Uani kumechafuka."

"Apite mbele," Inspekta akajibu. "Watu waone tunafanya kazi."

Sentensi ile ilimtoka kirahisi, kama mtu anavyoagiza chai. Mchana huo wote, na siku nyingine nyingi baada ya hapo, angetoa mshahara wake airudishe kinywani.

Maana walipovuka mlango wa mbele, ua mzima ulinyamaza kwanza, halafu ukapasuka. "Ndiye huyo! Mwizi wa watoto!" Mwanamke mmoja aliyevaa sare ya benki, ambaye bila shaka alifundishwa kusoma na mzee huyohuyo, alitema mate karibu na viatu vyake. Mwalimu alitaka kujifunika uso, lakini mikono ilikuwa imefungwa, basi akauzika uso ndani ya kola ya koti lake, akatembea hivyo, kipofu wa kujitakia. Kwa hiyo hakuliona konde likija. Fundi alipenya kati ya askari wawili, mkono wake ukatua mara moja tu, na miwani ya mzee ikaruka, ikavunjika kwenye saruji.

"Yuko wapi mwanangu?" fundi alikuwa akipiga kelele, huku analia. "Mzee mzima! Umempeleka wapi?"

Mwalimu alikuwa amepiga goti. Damu ilimtiririka puani, ikaingia kwenye shati jeupe lililopigwa pasi na mtu aliyejifunza kupiga pasi uzeeni.

Hakusema, "Si mimi." Hilo ndilo lililomshtua Inspekta. Mtu asiye na hatia hupiga kelele, mwenye hatia hupiga zaidi. Huyu alikaa kimya kama anayestahili konde, ila si kwa kosa lile.

Walimrudisha ndani, chumba cha vidonda, muuguzi akamziba pua kwa pamba. Inspekta alisimama nje ya mlango. Koplo alipita na fremu ya miwani ya mzee, bila mzaha wowote. Ndipo mchungaji alipokuja, Biblia kwapani, kivuta pumzi mkononi.

"Nilikuona ngazini asubuhi, Afande. Nikafurahi, nikasema leo serikali nayo inasikiliza Neno."

"Nilikusikia, Mchungaji. Na ndilo lililonionyesha njia." Inspekta alikuwa akijitetea kabla hajashtakiwa. "Mzee huyu ameulizwa mara mbili, tatu, anarudia neno kwa neno. Kama yule wako. Aliyekariri anadanganya."

Mchungaji alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Kumbe uliondoka na nusu. Mimi nilisema nabii alikuwa mwongo?"

"Sasa kwa nini alirudia?"

"Lipekue jibu lake, hiyo si ndiyo kazi yako? Anataja bidii yake. Anataja watu walioasi, madhabahu zilizobomolewa, wenzake waliouawa, yeye aliyesalia peke yake. Kila neno lina ukweli wake. Sasa rudi kwenye swali. 'Unafanya nini hapa?' Ni neno gani la swali ambalo jibu halikuligusa kabisa?"

Inspekta aliyapitisha maneno kichwani polepole.

"Hapa."

"Hapa. Mchana kutwa angekuhadithia habari za taifa zima, ila si habari za pango. Maana pangoni hakuingia kishujaa, alikuwa anakimbia. Mtu mwenye aibu, Afande, atakusimulia ulimwengu wote asikuambie pale miguu yake iliposimama. Jibu lake halibadiliki kwa sababu amelijenga kama ukuta, tofali juu ya tofali, kuziba neno moja. Mwongo hubadilisha, hupamba. Mwenye aibu hurudia."

"Na aliyeuliza? Mbona naye alirudia?"

"Hilo ndilo nililokuwa nakwenda kulisema ulipoondoka." Mchungaji alitabasamu kwa huzuni. "Aliuliza kwa maneno yaleyale bila kuongeza ukali. Hakuwa anamtega. Alikuwa anamfungulia mlango mara ya pili. Sasa mzee wangu huyu, nimemwona dirishani akipita, ameuficha uso ndani ya koti. Nabii naye aliufunika uso wake kwa vazi. Mimi si mpelelezi. Ila nimekaa na watu wenye aibu miaka mingi, na mmoja wao ni mimi."

Inspekta alishukuru kwa kichwa tu. Uso umeumbwa na haya, na wake ulikuwa ukiwaka. Akapanda juu peke yake.

Au hakusimama hapa. Koplo alishasema.

Basi aliuliza swali upya, kinyumenyume. Si "mzee aliona nini kutoka koridoni," bali "aliyeuona mlango wa nyuma alisimama wapi." Alianzia mlangoni kwenyewe, akatazama ndani kwa jicho la mtu anayetoka. Kulia, ukuta. Kushoto, mlango wa chumba cha mashuka, wenye kibao cha USIINGIE. Akajaribu kitasa. Kilikuwa kibovu, kikazunguka bila kushika, mlango ukafunguka.

Ndani palinuka sabuni na joto la pasi. Rafu pande mbili, nafasi ya mtu mmoja katikati. Alijifungia, akaweka jicho kwenye upenyo wa bawaba: mlango wa nyuma ulionekana mzima, mpaka tundu la ufunguo. Hapo basi. Mzee hakutunga. Aliona alichokiona, akadanganya mahali tu.

Lakini kwa nini ajifiche? Inspekta aligeuka, na mgongoni kwake palikuwa na kidirisha cha kioo cha kupitishia mashuka wodini, kilichofunikwa na rundo. Rundo lilikuwa limesogezwa kando kwa upana wa uso. Akaweka uso wake hapo. Hakuona wodi yote. Aliona kitanda kimoja, cha chini ya dirisha. Msichana alikuwa amelala ubavu, amempa mtoto kidole ashike, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Kwenye rafu, nyuma ya mito, palifichwa mfuko wa dukani. Ndani, sweta ndogo ya manjano na soksi jozi mbili, moja ya kike na moja ya kiume, kama zilizonunuliwa na mtu ambaye hakuambiwa amezaliwa nani na hakuwa na wa kumwuliza.

Inspekta alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuna mwizi wa mtoto anayekuja na soksi za kumletea mwingine. Alikumbuka "simjui" mbili, zilizotamkwa kwa pumzi moja kuelekea dirisha moja. Mbele ya macho ya binti yake alikuwa amempitisha baba wa watu akiwa na pingu. Akaona afadhali konde lile lingempiga yeye.

Alishuka, akamfungua Mwalimu pingu kwa mkono wake mwenyewe, akampandisha kwa ngazi ya nyuma, akamwingiza chumba cha mashuka na kuurudisha mlango. Mzee alipoona mfuko umetolewa rafuni, alishika ukingo wa rafu. Inspekta akampa ile ndoo. Yeye akabaki amesimama, kisha akaona si adabu, akachuchumaa.

"Mwalimu," akasema taratibu. "Ulikuwa unafanya nini hapa?"

Mzee alifungua kinywa. "Nilikuja kumjulia hali..." Akakwama. Inspekta hakumharakisha. Upande wa pili wa kioo mtoto alipiga chafya, na wote wawili wakaisikia.

"Yule ni mwanangu," Mwalimu akasema. "Wa mwisho. Tumbo lilipoonekana nilimfukuza. Niliita jamaa, nikasimama mbele yao kama nilivyozoea kusimama mbele ya darasa, nikatangaza kwamba sina binti. Mama yake marehemu angekuwepo ningekatwa ulimi. Mimi niliyefundisha watoto wa mji huu adabu! Leo nikasema nitakwenda. Nikapita nyuma, nisionekane. Nikaingia humu nijipange maneno. Nikamwona kwa kioo hiki. Amefanana na mama yake mpaka mkao. Nikashindwa kutoka."

"Halafu yule mwanamke akapita."

"Akapita, akasimama hapa mlangoni, mimi nyuma ya mbao. Akaliweka furushi kwenye toroli kulifunga vizuri. Alikuwa analisemesha. 'Punje yangu. Nyamaza, Punje yangu. Twende, Punje yangu.' Neno lilelile, lilelile, Afande, kama mtu anayejiaminisha. Nilidhani ni mfanyakazi amechoka, anaongea na mzigo. Mpaka kengele ilipolia."

"Kwa nini hukusema? Hilo la Punje, kwa nini hukusema?"

"Kutoka koridoni nisingesikia mnong'ono. Nikilitaja, utaniuliza nilikuwa wapi. Nikisema nilikuwa wapi, utaniuliza kwa nini." Aligusa pamba ya puani. "Nikajiambia, nimewapa koti, nimewapa furushi, yatosha."

"Mtoto wa watu yuko nje na mtu tusiyemjua, Mwalimu."

"Najua. Hilo usinisaidie kulijua."

Inspekta hakuwa na haki ya kumkaripia, na alilitambua hilo. Aliondoka mbio.

Sista wa zamu alikuwa kwenye kabati la dawa. Inspekta hakuzunguka. "Sista, neno 'Punje' linakuambia nini? Mwanamke, koti jeupe, anamwita mtoto Punje."

Chupa ilimponyoka Sista, ikadundadunda sakafuni. "Dobi wetu," akasema. "Alikuwa akipiga pasi huku tumbo liko juu ya meza, analisemesha. Punje hivi, Punje vile, sote tukimcheka. Alijifungulia humu humu. Mtoto hakuvuta pumzi. Tukampa likizo akapumzike." Akajishika mdomo. "Likizo tulimpa, Afande. Mtu wa kwenda kumtazama hatukumpa. Hata mimi sikwenda."

Koplo alijipiga paji la uso. "Mimi niliuliza nani yuko zamu. Sikuuliza nani hayupo."

"Leo hakuna aliyeuliza vizuri," Inspekta akamwambia. "Anakaa wapi?"

Palikuwa jirani tu, chumba cha uani nyuma ya safu ya maduka. Inspekta aliwaacha askari barabarani, akaingia na Sista, Koplo nyuma. Kwenye kamba zilianikwa nguo za kitoto, ndogo kama za mwanasesere, nyeupe kupita kiasi. Mlango ulikuwa wazi.

Dobi alikuwa ameketi mkekani, mtoto mapajani, anamkausha nywele kwa ncha ya kitambaa. Koti jeupe lilining'inia msumarini, limepigwa pasi, mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Mtoto alikuwa mzima, amelala fofofo, ametoka kuogeshwa.

"Nilijua mtakuja," akasema bila kuinua macho. "Nilitaka tu nywele zikauke. Asije akapata mafua."

Sista alipiga magoti, akamshika bega, hakumnyang'anya. Walikaa hivyo. Kisha dobi mwenyewe akamfunika mtoto, akamnyanyua, akambusu kisogoni na kumweka mikononi mwa Sista. "Huyu si Punje," akasema, kama anayewafahamisha. "Nilipomvua nguo niliona. Punje alikuwa na alama hapa."

Inspekta aligusa pingu kiunoni, akaondoa mkono. "Tutakwenda wote, dada. Utaeleza taratibu. Nitamwita daktari akuone kwanza."

"Msinipitishe mbele ya watu. Tafadhali."

Koplo alitazama chini. Inspekta akasema, "Tutapita nyuma."

Hospitalini mama wa mtoto alimpokea mwanawe bila kutoa sauti, akavua taulo kichwani, akamfunika nalo. Fundi alilia waziwazi, akamkumbatia Koplo, akamkumbatia mlinzi, akakumbatia hata nguzo. Mkuu wa Kituo alipiga simu kutoa hongera. Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante, na kila neno la sifa lilimwasha kama upupu.

Alimkuta Mwalimu chumba cha vidonda, fremu ya miwani isiyo na vioo mkononi. Akavua kofia.

"Nimekukosea, Mwalimu. Nilikufunga kwa nusu ya neno, nikakupitisha mbele makusudi. Naomba unisamehe."

Mzee alifikiri, kama anayesahihisha insha. "Nimekusamehe, maana na mimi nilikupa nusu ya neno. Ila samahani unaniletea chumbani, Afande, na mlango umeufunga. Walioniona hukuwaita."

Inspekta akavaa kofia. Alitoka hadi ngazi za mbele. Ua ulikuwa bado umejaa, watu wakichangamka kwa furaha ya habari njema. Aliwaomba wasikilize.

"Mzee mliyemwona na pingu hakuiba mtoto," akasema. "Yeye ndiye aliyetupa neno lililomrudisha. Pingu nilimfunga mimi, kwa haraka yangu. Kupita hapa mbele niliamuru mimi, ili mnisifu. Aliyetemewa mate alipaswa kuwa mimi."

Kuna aliyecheka. Kuna aliyesema, "Ndiyo zao hao." Mwanamke wa sare ya benki aligeuza uso, akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba. Inspekta alibaki palepale, akaacha wamtazame washibe. Kisha fundi akapanda ngazi, akasimama ubavuni kwake, mikono nyuma.

"Konde ni langu, Afande," akasema kwa sauti. "Hilo usinibebee. Nitakwenda kumwomba mwenyewe."

Walimkuta mzee hayupo chumba cha vidonda. Muuguzi alionyesha juu kwa kidole.

Mwalimu alikuwa ndani ya wodi. Alikuwa amepita mlango wa mbele, katikati ya vitanda, mbele ya akina mama walewale, shati lina damu, mfuko wa dukani mkononi. Alikuwa amesimama mwisho wa kitanda cha dirishani bila neno lolote, mtu aliyeishi kwa kusema. Bila miwani bila shaka hakumwona vizuri binti yake, ila kivuli chake kwenye mwanga.

Fundi alitaka kuingia. Inspekta akamzuia kwa mkono.

Msichana alimtazama baba yake kwa muda mrefu, uso mkavu. Hakutabasamu. Hakusema karibu. Alimhamishia mtoto upande wa ukutani, akakunja miguu, na pembeni mwa kitanda pakapatikana nafasi ya mtu kukaa.

Mzee akakaa.